Naweka programu ya man kwenye mashine, mtu ananijibu "soma manual"!!

Fundi Mitambo (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kudharauliwa sasa hivi na damu bado inachemka kwa hiyo uandishi mtanisamehe. Simtaji jina na wala hakuna haja, mnamjua wote, yule mwenye picha ya pengwini ambaye akiandika zaidi ya maneno mawili anaumwa siku nzima.

Iko hivi. Nina mashine imewekwa ile imeji ndogo ya mfumo iliyokatwakatwa, haina man (ile programu ya kusomea kurasa za maelekezo ya amri), haina apropos ya kuzitafuta kurasa hizo, haina ukurasa hata mmoja, ukiandika man ls inakwambia hiyo amri haipo. Nikaamua niweke mandoc, programu inayoleta man hiyo, kwa kuijenga mwenyewe kutoka kwenye soskodi (kodi asilia). Sasa ./configure (skripti ya kupanga ujenzi) ya mandoc sio ile mliyozoea ya kuimwagia --prefix na --mandir mpaka mstari unajikunja, hii unaiandikia faili pembeni linaitwa configure.local, humo ndo unaweka PREFIX na MANDIR na mambo yako yote, kisha unaiendesha, inapima mfumo wako inakutolea config.h na Makefile.local, unayasoma hayo mafaili, ukiona kitu hakijakaa sawa unarudi configure.local unarekebisha unaendesha tena. Yote hayo nimefanya, sikuja jukwaani na mikono mitupu.

Nikabaki na swali MOJA. Kwenye Makefile.local naona MANDIR ni /usr/local/man, wakati kurasa za programu zangu nyingine zote ziko /usr/local/share/man. Na kwenye config.h kuna MANPATH_DEFAULT ina orodha yake tofauti kabisa. Nikauliza kwa adabu zote, shikamoo juu, nikabandika na faili langu, je nikibadili MANDIR peke yake man itaziona kurasa zangu au mpaka niguse na MANPATH_DEFAULT?

Jamaa akaja. Akajibu.

"Soma manual."

Basi. Akafunga uzi.

SOMA MANUAL!! Kwa kutumia nini?? Ninachokiweka NDO kisomea manual! Ni sawa na kumkuta mtu anachimba kisima ana kiu umwambie akanywe maji ya hichohicho kisima. Mtu ameona kichwa cha uzi kimeandikwa "kuweka man", amesoma, ameelewa, halafu vidole vyake vikaandika soma manual na moyo wake haukumsuta hata kidogo. Halafu nukta! Ameweka na nukta mwishoni! Nimeiangalia ile nukta mpaka macho yanauma.

Huyu mtu nyumba ikiungua atakwambia soma maandishi ya kwenye mtungi wa kuzimia moto. Nawasilisha.

---

BilaPanya

Hahahaaa nimemjua kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Mimi aliwahi kunijibu "google". Herufi ndogo zote.

---

kokotoa

Mimi alinijibu nukta tatu. Sio utani, nukta tatu tu halafu uzi ukafungwa. Wewe umepata maneno mawili mkuu, unapendwa.

---

Mzee wa Kerneli

Mleta uzi punguza jazba. Kurasa zenyewe zimo ndani ya furushi ulilopakua, fungua man.1 kwa less (kile kionyesha maandishi) usome. Alichokwambia kina mantiki.

---

Fundi Mitambo

@Mzee wa Kerneli shikamoo mzee wangu, ila hapana. Nimefungua man.1 kwa less. Unajua kilichomo? .Dd halafu .Dt halafu .Sh NAME halafu .Nm halafu .Op Fl na herufi zimejipanga kwa mkupuo mmoja. Hiyo inatakiwa IFOMATIWE ndo isomeke. Na kinachofomati ni nini? MANDOC! Ambayo naiweka! Mnaona mduara huo?

Soma manual. Na nukta.

---

jicho_la_faili

Ukishakompaili sio lazima uinstall kwanza, unaandika ./mandoc man.1 | less palepale kwenye direktori uliyojengea na ukurasa unasomeka vizuri tu.

---

Fundi Mitambo

Kukompaili kunakuja BAADA ya configure. Swali langu lilikuwa la configure. Njia za MANPATH_DEFAULT zinachomekwa ndani ya programu wakati wa kujenga, nikikosea najenga upya. Ndo maana nikauliza kabla. Nimeuliza kabla, kama mtu mwenye akili, nikaambiwa soma manual.

---

MamaSeva

Mwanangu pole, na nyie wengine mnacheka kijana hajajibiwa mpaka sasa. MANDIR ni pale kurasa za mandoc yenyewe zitakapowekwa ukifanya make install (amri ya kuiweka programu kwenye mfumo). MANPATH_DEFAULT ni pale man itakapotafuta kurasa za kila kitu. Ni vitu viwili havijuani. Kwa hiyo andika vyote kwenye configure.local:

PREFIX="/usr/local"
MANDIR="/usr/local/share/man"
MANPATH_DEFAULT="/usr/share/man:/usr/local/share/man"

Endesha ./configure, make, make install, halafu usisahau makewhatis, bila hiyo mandoc.db (faharasa ya kurasa) haitengenezwi na apropos itakulalamikia. Na kama hutaki kujenga upya kila njia ikibadilika, acha MANPATH_DEFAULT, andika man.conf uweke mistari ya manpath, lakini ziweke njia ZOTE humo kwa sababu zikiwepo basi ile orodha ya ndani haiangaliwi.

---

Fundi Mitambo

Asante sana mama, Mungu akuweke. MNAONA? Aya moja! Dakika ngapi hizo? Yeye angeweza kuandika hivi, anajua, tunajua kwamba anajua, akachagua SOMA MANUAL.

---

BilaPanya

Kaipenda hiyo sentensi huyu, ataichora tatuu.

---

deb_na_huzuni

Nyie wa mandoc mnalia nini, faili moja la mipangilio na maktaba ya zlib imeisha. Njooni huku kwenye man-db, ile man nyingine, muone maisha. Inataka maktaba ya libpipeline, inataka ya gdbm, inataka groff ya kufomatia kurasa. Nimejenga libpipeline kwa mkono nikaiweka /usr/local, narudi kwenye configure ya man-db inaniambia libpipeline haipo. HAIPO! Naiona kwa macho yangu hapa, faili lipo, inasema haipo.

---

jicho_la_faili

PKG_CONFIG_PATH mkuu. Ielekeze /usr/local/lib/pkgconfig. Pkg-config, inayozitafuta maktaba, haiangalii huko kila mara.

---

deb_na_huzuni

Nilifanya. Ikapita, ikaja kunishika kwenye setuid (kuendesha programu kwa haki za mtumiaji mwingine), inamtaka mtumiaji anaitwa man awepo kwenye mfumo. Mtumiaji anaitwa man! Mashine yangu mwenyewe niishi na mpangaji nisiyemjua!

---

kokotoa

--disable-setuid unamfukuza.

---

deb_na_huzuni

Sasa hiyo mtu anaijuaje?

---

Mzee wa Kerneli

./configure --help. Iko humo.

---

BilaPanya

Mzee karibu utasema soma manual, tunakuona.

---

Mzee wa Kerneli

Na nitasema. Manual ya Unix toleo la kwanza ina tarehe 3 Novemba 1971, watu wamehangaika kuandika tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa ili msiulize kitu kilekile kila wiki.

---

Fundi Mitambo

Heshima kwao waliohangaika, ndo maana NATAKA KUZISOMA, ndo maana naweka man! Mzee nakuheshimu lakini jamani!

---

tabu_mbili

Samahani kuingilia, mimi naendelea na yangu. Kuna aliyewahi kuona "missing separator" kwenye make, ile ya kujenga programu kwa kufuata faili la Makefile? Nimerekebisha mstari mmoja tu kwenye Makefile kubadili njia ya kurasa, nimeangalia mpaka nimezeeka, kila kitu kiko sawa, make imegoma.

---

kokotoa

Umeweka nafasi nane badala ya tabu (ile ya kitufe cha Tab). Edita yako inabadilisha kimyakimya.

---

tabu_mbili

KWA MACHO NI KITU KILEKILE!!! Kwa nini programu inagoma kwa kitu kisichoonekana?

---

jicho_la_faili

Cat -A Makefile, tabu inaonekana ^I. Mimi hiyo make imenilaza macho usiku mzima, na sio yangu, ya mteja.

---

Mzee wa Kerneli

Ndivyo ilivyo tangu 1976 make ilipoandikwa Bell Labs. Ikishazoeleka huwezi kuivunja, Makefile za dunia nzima zingekufa.

---

MamaSeva

Kwenye GNU make kuna .RECIPEPREFIX, unachagua herufi yako badala ya tabu, ipo tangu toleo la 3.82.

---

kokotoa

Mama tafadhali usiwafundishe hiyo, atakayerithi Makefile yenye alama za > kila mstari atatulaani. Halafu nje ya GNU make inakufa.

---

tabu_mbili

Nimeiweka. Inafanya kazi. Sitaki kusikia la mtu.

---

Fundi Mitambo

Kwa hiyo ile ya soma manual tumeiacha?

---

deb_na_huzuni

@tabu_mbili hebu bandika hiyo Makefile yako nione, na mimi ya kwangu imegoma mstari wa kwanza kabisa

---

kokotoa

Nimesema msiwafundishe.