Kutenganisha bodi za sakiti kutoka kwenye paneli: mkono, kisu cha duara, mashine ya kuchonga au leza?

Karakana_Temeke

Ndugu wanajukwaa, salaam. Karakana yetu inaunda vidhibiti vya kuchajia betri za sola. Bodi tunaziagiza kutoka Shenzhen zikiwa zimeunganishwa kwenye paneli (bao moja kubwa lenye bodi nyingi, si paneli ya sola), unene wa milimita 1.6, na kati ya bodi na bodi pamechongwa mfereji wa V juu na chini. Baada ya kulehemu, vijana huzivunja kwa mkono. Kabla ya kutuma oda inayofuata naomba tulinganishe njia zilizopo: tuendelee na mkono, tununue mashine ndogo ya kisu cha duara, au tubadilishe mchoro ili bodi zishikwe kwa vishikizo vyenye matundu, yaani vipande vidogo vilivyotobolewa vinavyounganisha bodi na bodi? Kinachonikosesha raha ni kwamba bodi hupita majaribio yote mezani, kisha baadhi yake huanza kuvuja umeme zikiwa kwa wateja, hasa walioko pwani.

Mhandisi_Nyali

Mkuu, kwa dalili hiyo ningeanza na kapasita za kauri (vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme), mashine zifuate baadaye. Kauri haipindi. Bodi inapopinda, kapasita iliyolehemiwa juu yake hulazimishwa kuifuata, na ufa huanzia upande wa chini, pale chuma cha ncha yake kinapokoma, ukapanda kwa mshazari hadi kwenye matabaka ya ndani. Ukiitazama kwa juu huoni chochote, na mita inaweza kukusomea thamani iliyo sahihi siku hiyo hiyo. Unyevunyevu ukishapenya kwenye ufa, umeme huanza kuvuja kati ya tabaka na tabaka, na ikiwa kapasita hiyo imekaa kwenye laini ya betri, ambako mkondo ni mwingi, inaweza kupiga shoti na kuungua pamoja na bodi yenyewe. Ndiyo maana sishangai kusikia kwamba wateja wa pwani ndio wanaolalamika zaidi.

Ili uhakikishe, chukua bodi iliyorudishwa, kata kwa msumeno mwembamba kipande chenye kapasita iliyo jirani na ukingo uliovunjwa, ukipita mbali nayo ili usiipasue wewe, kisha kizamishe kipande chote kwenye gundi ya epoksi. Gundi ikikauka, isage ubavuni kwa msasa laini na maji mpaka ufikie katikati ya kapasita, na uitazame kwa hadubini. Ufa wa kupinda utaujua kwa jinsi unavyopanda kwa mshazari kutoka kwenye ncha.

Sasa ulinganisho wenyewe. Mkono ndio njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa kila mtu huvunja kwa nguvu yake na kwa pembe yake. Kisu cha duara kinachotembea ndani ya mfereji hupunguza sana kupinda, lakini hakiondoi kabisa, na kikiwa butu au kikiwekwa vibaya hurudisha tatizo lile lile. Mashine ya kuchonga, inayokata kwa keni, yaani ncha ndogo ya kukatia inayozunguka kwa kasi, haiipindi bodi ikiwa imeshikwa vizuri, na inafuata umbo lolote. Gharama yake ni muda, keni zinazoisha, na vumbi. Leza ya urujuanimno haigusi bodi kabisa, ila kwa unene wa milimita 1.6 huenda polepole na inaweza kuacha ukingo mweusi. Kwa karakana ya kiwango chenu, sioni sababu ya kuifikiria.

Dada_Lehemu

Naunga mkono, ila nisingependa mtu aondoke akidhani kwamba vishikizo vyenye matundu ni salama kwa sababu tu si mfereji. Ukikivunja kishikizo kwa mkono, mkunjo wote hukusanyika mahali pale pamoja, na kapasita iliyo karibu ndiyo inayoumia. Vishikizo vikatwe kwa koleo la kukatia, kimoja kimoja, huku bodi ikiwa imelala mezani. Matundu ya nusu milimita yakipangwa kuingia kidogo ndani ya mstari wa ukingo, hutalazimika kupiga tupa baadaye.

Faida halisi ya vishikizo ni kwa bodi zenye umbo lisilonyooka, au zenye soketi ya USB inayochungulia nje ya ukingo, ambako kisu cha duara hakiwezi kupita.

Fundi_Kisumu

Wanaochonga, tafadhali msipuuze vumbi. Ni nyuzi za kioo zilizosagwa, zinawasha ngozi na hazifai mapafuni. Kinyonya vumbi kiwe mdomoni mwa keni, na barakoa iwe ya kuchuja chembe, si ya kitambaa.

Karakana_Temeke

Nawashukuru sana. Nina paneli nyingine stoo ambazo tayari zimechongwa mfereji, na mashine haitafika leo wala kesho. Hizo nizifanyeje?

Mhandisi_Nyali

Tengeneza kibano cha vipande viwili vya alumini vilivyonyooka, urefu uzidi wa paneli, vibane bodi juu na chini kandokando kabisa ya mfereji, na upande wa pili usukumwe kwa ubao mrefu, si kwa vidole. Mkunjo hapo utabaki ndani ya mfereji wenyewe. Anza kwa kutenganisha safu, kisha bodi moja moja.

Kwenye mchoro mpya, zisogeze kapasita kubwa, za saizi ya 1206 (takriban milimita 3.2 kwa 1.6) kwenda juu, walau milimita 5 kutoka kwenye mfereji, na zile zisizoweza kuhama zilaze ili urefu wake uende sambamba na mstari wa kukata, kamwe zisiuelekee. Zilizo kwenye laini ya betri zinunue zenye ncha laini, ambazo zina tabaka la polima inayonyumbulika chini ya chuma. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini hapo ndipo pa kutumia fedha. Katika oda, andika pia unene unaotaka ubaki kati ya mifereji miwili. Takriban theluthi moja ya bodi, yaani karibu nusu milimita, ni kawaida. Ukiomba pungufu ili zivunjike kirahisi, paneli italegea na kubonyea katikati ikipita kwenye tanuri la kulehemu, na vipuri vitahama kabla hata hujafikia hatua ya kukata.