Mjadala: Je, insha ya kulinganisha ifundishwe kwa kiolezo kimoja?

Mtoa mada: Walimu wenzangu, naleta swali linalozua ubishi kila tunapoketi kusahihisha: je, tuendelee kumkaririsha mwanafunzi kiolezo cha utangulizi, mambo matatu ya kufanana, matatu ya kutofautiana na hitimisho, au tumfundishe kwanza kutafuta kigezo cha kulinganishia? Kwa maoni yangu, kiolezo hicho kimezaa insha zisizolinganisha chochote. Ukiuliza kuhusu fasihi simulizi na fasihi andishi, darasa zima litaanza na sentensi ileile, kwamba ya kwanza huwasilishwa kwa mdomo ilhali ya pili huwasilishwa kwa maandishi, na "ilhali" hiyo itaburuzwa hadi hoja ya mwisho bila yeyote kueleza tofauti hiyo inamfanyia nini mtunzi au hadhira yake.

Muhula uliopita niliandika ubaoni ubeti mmoja wa shairi la tarbia na mmoja wa utenzi, ule utungo mrefu wa kusimulia, nikawaagiza wanafunzi wahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole kabla ya kushika kalamu. Tungo zote mbili zina mishororo (mistari) minne katika ubeti, lakini mshororo wa tarbia ulikuwa na mizani 16, yaani 8 za ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 za utao (kipande cha pili), na ule wa utenzi ulikuwa na 8 tu. Binti mmoja akauliza: kumbe mshororo wa utenzi ni sawa na kipande kimoja cha tarbia? Insha yake yote ilitoka katika swali hilo, kwa kuwa alilazimika kueleza kwa nini utenzi hukimbia na kubeba kisa kirefu, ilhali tarbia humtuliza msomaji katika kila mshororo. (Naam, naye alitumia "ilhali", ila safari hii ilikuwa na kazi.)

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, mfano wako unavutia, lakini mimi nina wanafunzi zaidi ya 80 katika chumba kimoja na kipindi cha dakika 40. Nisipowapa kiolezo, wengi huandika kurasa mbili kuhusu kitu cha kwanza, kisha mbili kuhusu cha pili, na mwisho napokea insha mbili zilizofungwa kwa uzi mmoja. Isitoshe, mwongozo wa kusahihishia hutoa alama kwa idadi ya hoja. Ni nani atakayemfidia mtoto aliyefikiri vizuri akatoa hoja mbili tu?

Mtoa mada: Kuhusu alama sina jibu, na sitamshauri mtu acheze na mtihani wa mtoto. Hata hivyo, tatizo la insha mbili haliponywi na idadi ya hoja. Wanafunzi wetu huchora jedwali la safu mbili, kila kitu na safu yake. Mimi huwataka waongeze safu ya tatu upande wa kushoto, waandike humo kigezo, kama vile mizani, vina au dhima, na asiyepata neno la kuandika humo hufuta mstari mzima. Kwa wanafunzi 80, safu hiyo peke yake naweza kuikagua nikipita kati ya madawati.