Tupeane uzoefu: kesi za kutishia kuua kwa maneno na rufaa zake, waliopitia mje hapa

Kijana wa Buhongwa
Wakuu habari za usiku. Wiki tatu zilizopita kaka yangu mkubwa kafungwa miezi tisa na mahakama ya mwanzo, kosa ni kutishia kwa maneno. Nimekaa hapa kwa shemeji, watoto wamelala, leo mdogo wao kauliza baba anarudi lini ndo yote yakanirudia upya nikaona niulize nyie mliopitia.

Chanzo ni mpaka wa shamba. Jirani aling'oa minyaa aliyopanda marehemu baba, kaka akamfuata akamwambia "ukivuka tena hapa nakukata miguu". Basi. Hakushika panga wala fimbo, mkononi alikuwa na ndoo ya maji ya ng'ombe. Jamaa kaenda polisi kachukua RB (namba ya taarifa ya polisi), siku ya tatu kaka yuko kizimbani. Kasomewa, kaulizwa kweli si kweli, akajibu "ni kweli mheshimiwa nilisema, ila yeye ndo kang'oa minyaa ya baba, nilikuwa na hasira tu sikuwa na nia ya kumkata". Mimi nilikuwa benchi la pili, nimesikia kwa masikio yangu haya. Kilichoandikwa ni "ni kweli" halafu nukta. Haikuisha hata nusu saa anavua mkanda na viatu ananikabidhi mimi, na ndoo ile ile mpaka leo iko pale zizini hakuna aliyeigusa.

Naombeni mnisaidie, mtu akishakiri rufaa ipo? Kuna aliyewahi kupunguziwa hata adhabu tu?

Dogo Msukuma
Pole sana mkuu. Hiyo "ni kweli ila" imefunga watu wengi sana huku kwetu.

Nairobi Kwetu
Pole ndugu. Ukweli nikwambie uko late, rufaa ni siku kumi na nne tu. Huku threats to kill ni kifungu 223 na ni hadi miaka kumi, kwa hivyo miezi tisa shukuru Mungu.

Mzee wa Jalada
Ndugu wa Nairobi hizo siku 14 ni za kwenu Kenya, usimtie kijana presha. Nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, nisikilize kijana wangu.

Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30 tangu siku ya uamuzi, ni petisheni tu unaandika sababu zako unapeleka wilaya. Kesi iliyoanzia wilaya kwenda Mahakama Kuu ndo kuna mambo mawili, kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu petisheni ndani ya siku 45, na zile siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hazihesabiwi. Watu wanachanganya hizi njia mbili kila siku, wanakuja masjala siku ya 40 na kesi ya mwanzo wanasema tuliambiwa 45.

Kuhusu kukiri. Ni kweli aliyekiri hana rufaa ya kupinga hatia, anabaki na adhabu tu. LAKINI hiyo ni pale alipokiri sawasawa. Shtaka anatakiwa asomewe kila kipande chake, aelewe, kisha maelezo ya tukio yasomwe ayakubali, na anachojibu kiandikwe kwa maneno yake. Hiyo iko tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Kosa hili la kutishia, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, ni lazima pawepo nia ya kutisha au kukera. Kaka yako kasema maneno nimetamka ila nia sina. Hapo hajakiri huyo, ilitakiwa iandikwe amekana na mashahidi waitwe. Hiyo ndo sababu yako ya kwanza ya rufaa, iandike hivyo hivyo.

Mpambanaji TZ
Mimi nakushauri tofauti, usikate. Ukikata wanaweza kukuongezea. Binamu yangu alienda na miezi sita akatoka na mwaka. Halafu gerezani kuna msamaha wa theluthi, miezi tisa ni sita, ashakaa karibu mmoja, rufaa yenyewe itasikilizwa akiwa ameshatoka.

Kijana wa Buhongwa
Mkuu na jina lake je? Atabaki mfungwa wa zamani kwa minyaa ya baba yake mwenyewe?

Mzee wa Jalada
Kuongezewa kisheria inawezekana, ila hawakuongezei kimya kimya, lazima upewe nafasi useme kwa nini usiongezewe. Miaka yangu yote kwa mwenye hoja ya kukiri kubovu nimeona hukumu zikifutwa, sijaona mtu akiongezewa. Kaka yako pia aombe dhamana wakati anasubiri rufaa, hawatoi kirahisi ila anayekaa kimya hapewi kabisa.

Mpambanaji TZ
Sasa mzee unasema binamu yangu muongo?

Dogo Msukuma
Hajasema hivyo mkuu, punguza. Na wewe usije ukamtishia mzee hapa tukafungua jalada jingine 😂

Mama Mapacha
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa mikono inatetemeka. Wote mnaongelea aliyefungwa. Mimi ndo yule mwingine, niliyetishiwa, ngoja niseme.

Mwaka 2018 nilikuwa nimeachana na baba wa wanangu. Miezi mitatu ananitumia meseji, nikifuta anatuma, nikabadilisha laini. Usiku mmoja, saa tano imepita, nasikia kitu kinakwaruza barazani. Nikachungulia kwenye tundu la dirisha. Amekaa kwenye ngazi yangu ananoa panga kwenye lile lile jiwe ninalonolea kisu cha mboga. Hana haraka. Ananoa, anajaribu kwa kidole gumba, ananoa. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba chumvi, "huu mlango ni mbao tu". Nikaingia na mapacha uvunguni, mmoja nimemziba mdomo huku mwingine ameniuma bega asilie, alama ninayo. Alinoa mpaka jogoo wa kwanza.

Mahakama ya wilaya ilimpa mwaka mmoja na nusu maana ilikuwa usiku. Nililala usingizi. Mwezi wa nane nipo sokoni nachagua nyanya nasikia nyuma yangu "habari za siku mama mapacha". NI YEYE. Ameshinda rufaa Mahakama Kuu na hakuna aliyeniambia, nyanya zote zikamwagika. Nilidhani ile ni kesi yangu, kumbe kwenye rufaa ni yeye na Jamhuri, yaani serikali, mimi ni shahidi wa kwanza tu.

Nikaitafuta hukumu, ilikuwa ya Kiingereza, binti ya dada yangu wa kidato cha nne akanisomea mstari kwa mstari. Kaachiwa kwa sababu sikusema kulikuwa na mwanga gani. Nilisema "nilimwona" tu. Taa ya sola ya duka la jirani ilikuwa inamulika ngazi yote, hatua nne kutoka dirishani, mtu niliyelala naye miaka sita! Lakini hakuna aliyeniuliza habari ya taa na mimi sikujua kwamba taa inaulizwa. Na jirani mwenye duka aliyesikia panga hakuitwa hata kutoa ushahidi.

Dogo Msukuma
Dada nimekosa neno. Ile "mbao tu" imenikaa kichwani.

Mpambanaji TZ
Pole dada, ila na wewe ungesema taa si ingekuwa rahisi?

Kijana wa Buhongwa
Mkuu acha hayo, mtu alikuwa uvunguni na watoto unamlaumu kwa taa?

Bibi wa Pangani
Aibu. Kazi ya kumuuliza taa ni ya mwendesha mashtaka, si yake.

Mzee wa Jalada
Mama pole sana. Hiyo inatoka kwenye kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, utambuzi wa usiku unapimwa kwa mwanga, umbali, muda uliomwona, na kama mlikuwa mnafahamiana. Hata mtu unayemjua lazima useme ulimwonaje. Nawaambia wote mnaosoma, mkienda kutoa ushahidi msisubiri kuulizwa, taja taa ilikuwa wapi, hatua ngapi, alivaa nini. Na jambo jingine, ukishindwa mahakama ya mwanzo wewe mlalamikaji mwenyewe una haki ya kukata rufaa mtu akiachiwa. Huko juu ndo inabaki kwa Jamhuri.

Bibi wa Pangani
Na meseji msifute jamani! Nilitishiwa kwa simu, nikaenda nazo zote na namba na tarehe. Siku hizi kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23.

Nairobi Kwetu
Mimi ningeblock tu nihame.

Bibi wa Pangani
Uhame nyumba yako kwa ajili ya mhuni? La hasha. Ukiblock ushahidi unaokota wapi?

Mama Mapacha
Kijana wa Buhongwa, nilikuja hapa na hasira nawe ila nimekusoma mara mbili. Kaka yako hakukaa ngazini kwa mtu usiku. Andika hiyo rufaa. Ila mwambie akitoka asipite tena mbele ya nyumba ya huyo jirani, hata kama ndo njia fupi ya kisimani. Hujui yule anasikia nini usiku.

Kijana wa Buhongwa
Asante mama, hilo nitamwambia kama ulivyosema. Hukumu ilikuwa tarehe 4, leo 27. Mzee nimeandika sababu mbili kwenye daftari la mtoto, ya kukiri na ya adhabu. Nikisubiri nakala ya hukumu sitachelewa?

Mzee wa Jalada
Usisubiri. Kwa kesi ya mwanzo jalada wilaya wataliita wenyewe. Peleka petisheni kesho asubuhi, hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala yako ubaki nayo. Kaka yako aweke sahihi, nenda gerezani kwanza uone ofisi ya mkuu wa gereza, wanajua utaratibu.

Kijana wa Buhongwa
Gari la kwanza ni saa kumi na moja alfajiri. Nitapanda hilo.