Mwenye nyumba kasema ukuta umelowa kwa sababu "tunapumua sana"!!

Wakuu, naandika huku natetemeka, na wala si baridi ya Mbeya. Ni hasira.

Yule mzee, mnamjua. Koti la kijani, funguo mia mbili kiunoni. Kaja asubuhi hii kuchukua kodi ya miezi sita. Nikamwambia mzee, kabla hujahesabu, pita uone chumba cha watoto. Ukuta umelowa toka chini hadi kiunoni, rangi imevimba kama andazi, ukiigusa inadondoka na unga mweupe wa chumvi. Nyuma ya kabati fangasi weusi wamejaa kuliko wapangaji, na hawalipi kodi. Viatu vyangu vya harusi vimeota manyoya, bado kidogo vibweke.

Mzee akaweka kiganja ukutani. Akakifuta kwenye pazia langu. PAZIA LANGU. Akasema: "Mnapumua sana humu."

Mnapumua sana!

Tuko wanne. Tupangiane zamu? Mtoto wa darasa la pili apumue Jumatatu, mimi nisubiri Alhamisi?

Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, imejengwa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kila Novemba mvua zikianza analeta kijana anapaka rangi ya mafuta juu ya ukuta ule ule mbichi. Februari rangi yote iko sakafuni. Mwaka jana akaja na plasta ya saruji, unyevu ukaiparamia plasta ukatokea juu yake. Halafu ni sisi tunapumua.

Hela kapokea. Kazihesabu mara mbili, yeye mwenyewe bila kupumua.

*

Kiazi Mbatata: Hahahaaa mkuu pumua taratibu, utalowesha na simu.

Mama Vitumbua: Pole baba. Ila hilo pazia ungemfulisha hapo hapo.

Fundi Pimamaji: Mkuu usinirukie, ila mzee ana robo ya ukweli. Unyevu unaoanzia chini na kuacha chumvi unatoka ardhini, nyumba za zamani nyingi hazina dipisii, ile nailoni ya kwenye msingi. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanatafuta pa kutokea juu zaidi. Lakini weusi wa nyuma ya kabati mara nyingi ni mvuke wenu kweli. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote, kaa siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani ni hewa, yakiwa nyuma ya nailoni ni ukuta. Na chungulia nje: kama zege la uani liko juu kuliko sakafu yako, hata mkiacha kupumua wote haisaidii.

Mwenye uzi: ROBO YA UKWELI?? Nimetoka nje sasa hivi. Zege limefika kwenye matundu ya hewa! Alilimwaga yeye mwenyewe apate pa kuegesha pikapu! Na bado kanifutia kiganja kwenye pazia.

Kiazi Mbatata: Ona sasa, umepumua tena.

Mwana Tukuyu: Nyie watu wa Mbeya mjini mna mvua gani ya kulilia? Njoo huku Rungwe, nguo nimeanika tangu Machi.

Mama Vitumbua: Machi ya mwaka gani?

Fundi Pimamaji: Afadhali nyie mnaolia na wenye nyumba. Mimi mteja kaniambia nisiweke dipisii, ni "kula hela". Nyumba ina miaka mitatu, leo kanipigia ananiita mwizi.

Kamwene Njombe: Mafundi nyamazeni kabisa. Wangu kaweka gata inamwaga maji dirishani, akaondoka na ngazi yangu.

Fundi Pimamaji: Si mimi.

Kamwene Njombe: Hata yeye husema hivyo.

Blanketi Mbili: Njombe mnaongelea unyevu? Sisi Makete asubuhi unavunja barafu kwenye ndoo ndipo unawe uso. Ukuta mkavu kabisa, umeganda.

Mwana Tukuyu: Uongo. Baridi ya Makete imezidishwa chumvi.

Blanketi Mbili: Njoo Julai na hilo shati lako.

Mwenye uzi: Jamani, tunaongelea ukuta wangu.

Mama Vitumbua: Baba tumekusikia. Sogeza kabati, fungua dirisha mchana, hilo zege livunjwe. Wa Makete, hebu niambie, gunia la viazi huko likoje msimu huu?

Blanketi Mbili: Bei nzuri dada, ila wanunuzi wanataka lumbesa. Gunia limeota kichwa.

Kamwene Njombe: Lumbesa ndiyo inayotumaliza! Juzi kaja mmoja na shuka kabisa, kashonea juu ya gunia, anaita "kilemba kidogo".

Kiazi Mbatata: Shuka au pazia?

Kamwene Njombe: Lilikuwa na maua.

Mwenye uzi: La rangi gani?