Naomba ushauri: nashikaje sala na Neno wakati kazi yangu ni ya usiku ziwani?

Mvuvi_Katonga
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Niko Kigoma, navua dagaa. Kipindi cha giza, usiku usio na mwezi, tunatoka jioni na taa zetu, tunarudi kumepambazuka, kisha kuna kuuza na kushona nyavu. Mbalamwezi tunapumzika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, nilisoma Neno kila asubuhi, sikukosa maombi ya katikati ya wiki, na nilikua kweli. Hata mke wangu aliona hasira zimepungua. Lilipofunguliwa, kila nikishika Biblia mchana usingizi unanibeba kabla sura haijaisha. Kanisani tunaambiwa tuamke saa kumi alfajiri tuombe. Saa hiyo mimi navuta nyavu. Sitaki kumtafuta Mungu kwa msimu. Mnaofanya kazi za usiku, mnafanyaje?

Binti_Gungu
Amina, kaka. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nazijua. Nasoma kabla ya kuingia kazini, saa kumi na mbili jioni, akili ikiwa bado nzima. Anza na Marko, ina sura 16 tu, nusu sura kwa siku inatosha. Ila simu iwe mbali. Kwangu hilo ndilo gumu kuliko kusoma kwenyewe.

Mtumishi_wa_Bwana
Ndugu, funga siku tatu kavu. Mwili ukinyenyekea usingizi utakimbia.

Katekista_Mstaafu
Mtumishi, nakupinga kwa upendo. Mtu anayevuta nyavu usiku kucha, funga kavu inaweza kumwangusha majini. Afunge wakati wa mbalamwezi, na maji anywe. Tena someni Isaya 58, mfungo anaoutaka Bwana ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Mwanangu, ukitenga dagaa wa mjane jirani kila unaporudi na kitu, umeshaanza.

Kuhusu Neno, libebe kichwani. Zaburi 119 ina mistari 176, imegawanyika mafungu 22 ya mistari minane minane. Jioni soma fungu moja, chagua mstari mmoja, uurudie moyoni mkingoja dagaa wajae kwenye mwanga. Nimekulia Ujiji, najua kungoja kule kulivyo kurefu. Katika Zaburi 63 Daudi anamtafakari Mungu makesha ya usiku. Zaburi 134, mistari mitatu tu, inasema na watumishi wanaosimama usiku nyumbani mwa Bwana. Kwa hiyo usijihesabu kuwa umekosa saa ya sala. Saa yako ni hiyo ya ziwani.

Mama_Mwanga
Mwanangu, na wenzako mtumbwini je? Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi. Walikuwa wawili wa jumuiya moja, wanasali pamoja kabla ya kuwasha taa, na mmoja akipoa mwenzake anamwamsha. Sisi Wakatoliki tuna sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni, haimalizi hata dakika tano. Nawe tafuta sala fupi ya kanisa lako uishike nyakati hizo hizo, hata mikono ikiwa na kazi.

Mvuvi_Katonga
Asanteni sana, nimetiwa nguvu. Mama, wenzangu wengi ni Waislamu na tunaheshimiana vizuri, lakini yupo kijana mmoja wa kwetu Anglikana. Nitaongea naye leo kabla hatujatoka. Funga nitaiweka mbalamwezi. Mzee Katekista, bado Jumapili. Tukirudi asubuhi, ibada inanikuta nimechoka, nasinzia kanisani mbele ya watu. Niende hivyo hivyo?

Katekista_Mstaafu
Nenda, mwanangu. Ukisinzia kwenye mahubiri, uwe macho kwenye Meza ya Bwana. Kisha mwone mchungaji, mwombe ibada ya Jumapili jioni kipindi cha giza, kabla hamjaingia majini. Usiende peke yako. Wavuvi wa mtaa wenu mkienda pamoja, na wake zenu, baraza la kanisa litalijadili upesi zaidi.