Ushauri: Nampeleka mzee kuvua bahari kuu Pangani, siku moja tu. Nizingatie nini?

Mjukuu wa Kibosho (Moshi):
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu amestaafu mwaka huu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ujanani alikuwa akivua perege na kambale bwawa la Nyumba ya Mungu, na mpaka leo ndoana zake ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Bahari ameiona mara mbili tu, zote akiwa nchi kavu. Sisi watoto wanne tumechanga hela ya kukodi boti ya uvuvi wa michezo Pangani, mwezi wa kwanza, siku moja. Hela ya kurudia hatuna.

Nina hofu kwa sababu mwaka juzi nilikwenda na wenzangu wa kazini, sehemu nyingine ya pwani. Tulilipa yote mapema. Tukatoka saa tatu na nusu, jua limeshapanda. Wawili wakatapika mpaka mwisho, na saa saba tukaambiwa mafuta tuliyolipia yameisha, tunarudi. Mzia mmoja tuliyempata akabaki na wenye boti, eti ndiyo kawaida. Sitaki mzee wangu ayaone hayo. Niulize nini kabla ya kulipa? Siku nzima au nusu siku? Ana miaka 60 na anatumia dawa za presha.

Mvuvi wa Duluti (Arusha):
Mkuu, mmefanya jambo kubwa, Mungu awabariki. Mwezi wa kwanza mmelenga vizuri: kaskazi inavuma na masika bado. Mngesema mwezi wa saba ningewakataza, kusi ikichachamaa mgeni haoni raha yoyote.

Kosa kubwa la sisi watu wa bara ni safari yenyewe. Moshi mpaka Tanga ni kama kilomita 350, bado Pangani mbele. Watu wanaendesha usiku kucha, wanafika alfajiri na usingizi machoni, wanapanda boti. Hapo unatafuta kutapika. Fikeni siku moja kabla, mchana, mzee apumzike, ale mapema, alale.

Binti Mwambao (Pangani):
Karibuni sana kwetu, na mzee mfikishieni shikamoo yangu. Mwambieni maji atakayoyakuta hapa si mageni kwake: mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia Nyumba ya Mungu, inatoka ikiwa mto Pangani, na mto unamwagikia hapa mlangoni kwetu. Ameyatangulia tu.

Sasa sikiliza kaka. Kwanza muulize nahodha maji ya siku hiyo. Mlangoni mwa mto kuna fungu la mchanga, kwa hiyo saa ya kutoka inategemea kujaa na kupwa. Nahodha anayekuahidi saa kumi na mbili kamili bila kuangalia tarehe ya mwezi mwandamo, muulize mara ya pili. Na kama mvua imenyesha bara, maji karibu na mlango yanakuwa ya kahawia. Samaki mnaowataka ninyi hawakai humo, boti inabidi iende mbele mpaka maji yageuke buluu. Huo muda wa kwenda na kurudi uko ndani ya saa mlizolipia. Uulizie.

Pili, makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu: saa ngapi mpaka saa ngapi, mafuta ni ya nani, leseni ya uvuvi wa michezo imo au haimo, upepo ukikataa hela inarudi au siku inasogezwa, na samaki ni wa nani. Hilo la mwisho ndilo lililowaumiza. Boti nyingine wanabaki na samaki, nyingine mnagawana, nyingine mnachukua wote. Hakuna kawaida moja, kuna mlivyokubaliana. Usilipe yote mapema, toa kianzio tu.

Tatu, msimlazimishe nahodha kuvua Maziwe. Kale kafungu ka mchanga ni hifadhi, mtaogelea na kuangalia samaki, kuvua hapana.

Tingatinga (Arusha):
Chukueni siku nzima. Nusu siku ni saa nne au tano, ukitoa za njia unabaki na nini? Nduaro na jodari wako maji marefu, mkondo wa Pemba huko. Mkienda nusu siku mtarambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti, karibu na miamba, mtapata nguru wawili na kolekole, mrudi.

Mvuvi wa Duluti (Arusha):
Tingatinga, nguru wawili na kolekole kwa mtu aliyezoea perege ni sherehe kubwa! Kolekole akikupinga utadhani umenasa ng'ombe. Mzee ana miaka 60, ana presha, hajawahi kuonja wimbi. Siku nzima, saa kama tisa juani, ni nyingi. Mimi nasema nusu siku, ya alfajiri, nguru anakula vizuri jua linapochomoza. Ila mwulize nahodha bei ya kuongeza saa mbili mkiwa majini. Mzee akiwa mzima na samaki wanakula, mnaongeza. Akichoka, mnarudi bila kinyongo.

Mama Zahanati (Moshi):
Kuhusu presha: asinunue dawa ya kichefuchefu dukani kwa kubahatisha. Aende kwa daktari wake na majina ya dawa anazotumia, aulize ipi inamfaa. Akipewa, anaimeza kabla ya kupanda boti, maana ukishaanza kutapika imechelewa. Dawa ya presha asiiruke siku hiyo kwa sababu ya safari.

Asubuhi ale kidogo, mkate mkavu au kiazi, asikae na njaa wala asishibe. Akae katikati kuelekea tezi (nyuma ya boti), mbali na moshi wa injini, macho yaangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Simu aweke mfukoni. Shati la mikono mirefu, kofia ya kamba, maji ya kunywa ya kutosha. Na jaketi la kuokolea livaliwe tangu mtoni, lisikae chini ya kiti.

Tingatinga (Arusha):
Sawa, kwa presha nakubali nusu siku. Basi niongeze la mkononi, maana hapo ndipo wageni wengi wanampoteza samaki. Rili, kile kigurudumu cha mshipi, ikianza kulia, asivute. Amwache akimbie, breki yake imeshapimwa na nahodha, asiiguse. Mshipi kukatika mara nyingi ni mtu kukaza breki kwa hofu. Samaki akisimama, mzee anyanyue fimbo polepole kwa mgongo na miguu, kisha aishushe huku anazungusha rili, mshipi usilegee hata kidogo. Anyanyue, ashushe akizungusha. Mshipi ukilegea ndoana inachomoka.

Na wakipata nduaro, yule mwenye pezi kama tanga, mrudisheni majini. Nahodha atamshika pembeni mwa boti huku inakwenda polepole, maji yapite kwenye matamvua mpaka apate nguvu, ndipo amwachie. Wa kula ni nguru na jodari, wanatosha.

Binti Mwambao (Pangani):
Na kaka, mwambieni nahodha ukweli kuhusu mzee, umri, presha, na kwamba ni zawadi ya kustaafu. Msione haya. Akijua atachagua maji yaliyotulia badala ya kukimbilia samaki mkubwa.

Mjukuu wa Kibosho (Moshi):
Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Jana nimempigia nahodha, nimemsomea maswali ya Binti Mwambao moja moja. Amejibu yote: leseni imo, mafuta yamo, samaki tunachukua isipokuwa nduaro, saa ya ziada amenipa bei yake, kianzio ni theluthi. Saa ya kutoka kasema atanipa akishatazama maji ya wiki hiyo. Daktari tunamwona Jumatatu.

Nilipomwambia habari za mzee akauliza kama bado ana vifaa vyake vya zamani. Nikamweleza lile kopo la maziwa. Kasema mzee aje nalo, wakifika kwenye miamba wataangusha mshipi mmoja wa mkono wenye chubwi (kizito cha kuuzamisha), avue changu kwa ndoana yake mwenyewe. Leo asubuhi nimemkuta barazani, kalishusha kopo, anasugua kutu.