Kasuku wangu anawaambia wageni "karibu" halafu anawang'ata, naombeni msaada kabla ya Desemba

mama_wa_rau
Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, Rau huku. Nina kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliniachia mzee mmoja wa Kihindi niliyekuwa namfanyia kazi dukani, alipohama kuwafuata wanae, huyu ndege akabaki kwangu maana alishanizoea. Sasa huyu amekulia dukani, neno lake kubwa ni "karibu mama, karibu baba", na analitamka vizuri kunizidi mie. Tatizo mgeni akisikia hivyo anafurahi anasogea anaingiza kidole, balaa linaanzia hapo.

Krismasi iliyopita si mnajua watu wanavyopanda toka Dar, nyumba ilijaa watu ishirini na kitu, shemeji yangu mkubwa kashapiga mbege zake (pombe yetu ya ndizi) akaenda kwenye tundu eti "huyu si ananikaribisha bana", mlango ulikuwa wazi, akapeleka mkono juu amshike kichwa kama mtoto. Kidole kilichanika damu ikamwagika mpaka kwenye sahani ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Ikawa kesi ya ukoo. Wengine ndege ana roho mbaya, wengine achapwe, mama mkwe akasema auzwe yaishe. Na watoto wiki nzima walikuwa wanagonga tundu na vijiko ili aongee. Januari akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ikaonekana, yamerudi juzijuzi tu.

Kwangu hana neno, anasinzia begani kabisa. Mwaka huu wanakuja tena. Namfundishaje asing'ate? Au ndo ana roho mbaya kweli?

chalii_wa_ngarenaro
Mfunge plasta mdomo 😂😂 ila shemeji nae, damu kwenye ndafu aisee

njiro_ndege
Dada pole. Mie nafuga huku Njiro mwaka wa kumi na nne sasa, nishang'atwa mpaka nimezoea, na naomba nikuulize kitu, wakati shemeji ananyoosha mkono wewe ulikuwa unamtazama nani, shemeji au ndege? Kwa sababu nakuhakikishia ndege alishasema hapana kama mara nne hivi, sema hakusema kwa mdomo.

Hiyo "karibu" yake isikudanganye. Dukani kila mtu akiingia alisikia karibu, kwa hiyo kwake ni mlio wa kutoa mtu akitokea mlangoni, si ruhusa ya kuguswa. Siyo kwamba hawana akili, yule kasuku Alex wa Marekani aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg toka 1977 mpaka alipokufa 2007, akichoka na masomo alikuwa anaomba kwa maneno arudishwe tunduni. Ila yule alifundishwa neno pamoja na maana yake na akisema aliheshimiwa. Wako amekariri tu.

Kwa hiyo achana na mdomo, angalia mwili. Akiogopa manyoya yanambana mwilini anakuwa mwembamba mrefu kama kalowa, anaegemea nyuma, anahamia kona ya mbali. Ukiendelea manyoya ya shingo yanasimama, mdomo unaachama kidogo, mkia unatanuka kama kipepeo cha mkaa, na hawa wa kijivu wengine wanakoroma kama mbwa mdogo. Jicho nalo, ile duara nyeusi ya katikati inasinyaa inatanuka inasinyaa harakaharaka, hapo damu imechemka. Angalizo, hata akifurahi sana jicho linafanya hivyohivyo, kwa hiyo lisome pamoja na mwili mzima. Akiwa ametulia utamwona kajitutumua kidogo, mguu mmoja kaukunja tumboni, anasagasaga mdomo ile krr krr ya kutafuta usingizi. Bila shaka begani kwako unaisikia hiyo.

Halafu elewa huyu ni ndege wa kuwindwa, macho yapo pembeni mwa kichwa ili aone hatari inakotokea. Mkono unaoshuka toka juu ya kichwa kwake ni mwewe, hajui kama ni shemeji na ana mapenzi.

Kuchapa USITHUBUTU. Ukimwadhibu anapokoroma au kuachama mdomo, anachojifunza ni kwamba kuonya hakusaidii, kesho anaruka onyo anakuja moja kwa moja na meno, tuseme na mdomo. Na akimng'ata mtu msipige kelele wala kucheka, wengine wanazipenda hizo kelele. Kidole kioshwe vizuri na sabuni, kikichimbika sana nendeni hospitali mkaulizie sindano ya pepopunda.

Kwa Desemba, tundu lihamishe mapema, wiki mbili kabla, asihamishwe siku ya wageni. Liwekwe ukutani ili nyuma asipitwe na mtu, mbali na moshi wa jiko, upande mmoja funika shuka awe na pa kujificha. Usiku alale masaa kumi mpaka kumi na mbili hata kama nje muziki unapigwa. Mgeni akae mita mbili, asimkodolee macho, akitaka urafiki aweke karanga isiyo na chumvi kwenye bakuli lake aondoke. Na mwambie kila mtu, PARACHICHI NI SUMU kwa kasuku, najua Moshi kila meza ina parachichi na kuna shangazi lazima atasema ngoja nimuonjeshe.

La manyoya akirudia mpeleke kwa daktari wa mifugo, msongo wa mawazo unaweza kuwa sababu ila na magonjwa pia.

mstaafu_wa_hai
Hapo kwa kuuzwa, angalieni. Huyo wa kijivu biashara yake ya kimataifa ilibanwa kabisa na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, 2017, na hapa nchini kufuga wanyamapori kunataka kibali. Kama mzee alikuachia karatasi, pita nazo ofisi za wanyamapori wakuelekeze, usimtangaze kwenye magrupu ya WhatsApp.

mangi_mdogo
Shemeji kama ni Mchagga mbona ni rahisi. Muulize jirani akisogeziwa masale (mimea yetu Wachagga ya kuwekea mpaka na kuombea msamaha) ya kihamba, yaani shamba la ukoo, hatua moja tu anafanyaje? Si anaita wazee, na panga anashika? Basi tundu ndo kihamba cha huyo ndege. Chukua sale uzifunge kwenye kiti mita mbili toka tunduni, hakuna mtu wa Kilimanjaro ataruka hapo. Na sale moja ampelekee ndege kuomba msamaha wa mwaka jana 😂

mama_wa_rau
Asanteni jamani. Karatasi zipo, nitazipeleka. Kumbe njiro uko sahihi, nimemchunguza wiki hii, fundi wa bomba kaingia, mdomo "karibu baba", mwili umebana kama penseli. Miaka yote sijawahi kuona aisee.

mama_wa_rau
Leo tarehe 28 narudi na majibu. Masale nimefunga kweli, kwenye kamba kati ya viti viwili. Baba mkubwa wa watoto alivyoziona alicheka mpaka akakaa chini, ila hajavuka hata mara moja. Ndege akimwambia "karibu baba" anajibu "asante bwana, hapahapa panatosha". Watoto nimewafundisha zile dalili, sasa wanashindana nani ataona kwanza, wakiona kabana manyoya wanafukuzana wenyewe sebuleni. Mmoja wa miaka sita alimkemea mjomba wake kwa ukali kuliko mie.

Kilichonishangaza ni mama mkwe. Yeye hana habari na ndege kabisa, kila jioni anakaa upande ule kampa mgongo anachambua maharage kimya. Jana namkuta kasuku kahama kona yake kaja upande wa bibi, mguu mmoja juu, anasaga mdomo krr krr. Bibi hata hajageuka. Nimemuuliza kama bado anataka auzwe, akasema nimpishe nisimzibie mwanga.